Bi Kiraka na Mashuka Kumi na Manne

Bi Kiraka hakuwa mtu wa kumpenda siku ya kwanza. Mimi ilinichukua miaka sita. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, na alikuwa na tabia ya kukutazama mikono kabla ya kukutazama uso. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashuka ya hospitali yaliyochanika. Alikaa katika chumba chembamba nyuma ya chumba cha kufulia, yeye na cherehani yake, mkasi mkubwa uliofungwa kamba kwenye mguu wa meza ili usipate miguu, na kopo la biskuti lililojaa nyuzi. Jina la Bi Kiraka tulimpa sisi. Alipolisikia mara ya kwanza hakukasirika. Alisema, "Bora kiraka kuliko tundu," akaendelea kukanyaga cherehani.

Sisi tulikuwa wanawake tisa. Wanne walikuwa kwenye mashine za kufua, watano kwenye meza za pasi. Mimi nilikuwa meza ya pasi ya tatu, karibu na dirisha lisilofunguka. Joto la mle ndani lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Unapiga pasi mashuka mia na ushee kwa siku, foronya sihesabu, na mkono ukichoka au akili ikienda nyumbani kidogo tu, pasi inakaa pale ilipokaa na shuka linapata mdomo wa kahawia.

Kwa sheria ya hospitali, shuka likiungua, fundi wa kushona lazima apeleke habari ofisini, pamoja na jina la aliyeunguza. Bi Kiraka hakupeleka jina hata moja. Yeye alikuwa na sheria yake: aliyeunguza ashone. Ukiunguza shuka, unalipeleka kwake mwenyewe kwa mkono wako, na wakati wenzako wanakula, wewe unakaa kwenye kigoda chake unakata palipoungua na kutia kiraka, kwa sindano, si kwa cherehani. Huku yeye anakusema.

"Hiyo ni mishono au nyayo za kuku?"

"Mishono, Bi Kiraka."

"Haya. Fumua, anza tena."

Tulimwogopa kuliko ofisi. Lakini hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya shuka, na kusema kweli mashuka yaliungua kidogo, maana hakuna aliyependa kukosa chakula chake na kutukanwa juu yake.

Mkubwa wetu alikuwa msimamizi tuliyemwita Madam. Sina haja ya kumpaka matope, ingawa matope ninayo ya kutosha. Nitasema yale niliyoyaona. Alipokuja alituletea mpwa wake, binti wa dada yake, akamweka meza ya pasi ya tano. Binti mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa mpole, amezoea kazi za kukaa, mikono laini, na pasi ilimshinda. Kila mwezi alikuwa kwenye kigoda cha Bi Kiraka, safari nyingine mara mbili. Tulimtania kwamba ameajiriwa huko.

Mimi na Madam tulikosana kwa ajili ya sabuni. Sabuni ilikuwa imebadilishwa, ikawa inawababua wenzangu wa mashine mikono mpaka inatoa maji. Wao walikaa kimya. Mimi mdomo wangu hauna mlango, nikamwambia mbele ya watu, "Madam, njoo utie mkono wako humu mara moja tu, halafu uiite sabuni." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sabuni ilibadilishwa baada ya wiki mbili, na mimi nikasahau. Yeye hakusahau.

Kila mwisho wa mwaka kulikuwa na fomu. Msimamizi anaandika kila mfanyakazi amefanya kazi vipi, na mfanyakazi anatia sahihi chini kwamba amesoma na amekubali. Sisi fomu ile hatukuisoma. Wengi wetu hatukukaa shuleni, na mimi nilikaa miaka miwili tu, nasoma kama mtu anayechambua mchele gizani. Madam alikuwa akija nazo saa ya kutoka, mikono yetu imelowa, akishikilia karatasi yeye mwenyewe ili tusiichafue, na kutuonyesha mahali. "Hapa, mama. Bonyeza. Mwingine." Tunabonyeza kidole gumba, tunakimbilia nyumbani. Miaka tisa nimebonyeza. Ungeniuliza nimekubali nini, ningekuambia nimekubali kwenda nyumbani.

Mwaka wa tisa hospitali ilitangaza ajira ya kudumu kwa watu wa kufulia. Mpaka hapo tulikuwa wa mwaka kwa mwaka, kama kalenda. Nilikuwa na mabinti pacha walioingia sekondari, mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na ile ajira niliiota mpaka usingizini. Orodha ilipobandikwa ukutani, wenzangu waliokuja baada yangu walikuwamo. Mpwa wa Madam alikuwamo. Mimi sikuwamo. Niliisoma mara tatu, kwa kidole, nikidhani jina langu limejificha.

Nilikwenda kwa karani wa ofisi, kijana mwenye adabu. Alifungua faili langu, akalitazama, akakohoa.

"Mama, faili lako si zuri."

"Si zuri namna gani, mwanangu? Nisomee."

"Una hakika?"

"Nisomee."

Akasoma polepole. Kwamba mimi ni mvivu. Mkaidi. Ninajibizana na wakubwa na kuwachochea wengine. Kwamba wodi zimelalamikia mashuka yenye viraka vya kuungua, kumi na manne kwa mwaka mmoja, na aliyeyaunguza ni mimi. Kwamba sifai kupewa ajira ya kudumu. Na chini yake, kidole changu. Mistari yake yote inaonekana vizuri, maana siku ile wino ulishika sana.

Sijui niliwezaje kutoka pale. Najua tu kwamba nilikuwa nimeshika pasi mkononi nikielekea mlango wa Madam, na pasi ilikuwa ya moto, na Bi Kiraka alisimama mbele yangu akiwa na shuka begani.

"Unakwenda kumpigia pasi nani?"

Nikamwambia. Nililia na kutukana kwa pamoja, sikujua mwili wa mtu unaweza kufanya yote mawili. Alininyang'anya pasi, akaniingiza chumbani kwake, akafunga mlango.

"Sasa nisikilize, Mama Pacha. Ameandika kwamba wewe ni mkaidi na unajibizana na wakubwa. Si kweli?"

"Si kweli!"

"Ukienda kumtukana leo, itakuwa kweli kuanzia leo. Atakuwa na mashahidi wanane. Unataka kumsaidia kuandika?"

Nikakaa kwenye kigoda.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado mtu."

"Usimwambie. Maneno yakishafika kwenye mashine, yatafuliwa mpaka yapoteze rangi. Rudi kwa karani, muombe nakala. Kwa adabu. Halafu binti yako mmoja aandike majibu yako, uniletee."

Jioni ile pacha mkubwa aliandika, pacha mdogo akawa anachochea. Zilitoka kurasa nne. Nilijisikia nimepona kabisa. Kesho yake nikampelekea Bi Kiraka. Yeye alisoma darasa la saba zamani, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma huku akitikisa kichwa.

"Hapa umemwita fisi."

"Ndiyo."

"Toa fisi. Na hapa umesema mpwa wake ndiye."

"Si ndiye? Wewe unajua, amekaa hapo kwenye kigoda mpaka kigoda kimechukua umbo lake!"

"Najua. Toa." Akanitazama juu ya miwani. "Tunasafisha jina lako, Mama Pacha. Hatuchafui la mtu. Ukimtaja yule binti, ofisi itasahau habari zako na kuanza kusikiliza ugomvi wa wanawake. Na yeye ana makosa gani? Ameunguza, ameshona. Deni lake na mimi limekwisha."

Kisha akachukua ule mkasi wenye kamba, akaanza kukata. Alikata kurasa zangu nne kama anakata tambara bovu kutafuta mahali penye nguvu. Kilichobaki ni mistari sita. Kwamba nimefanya kazi miaka tisa. Kwamba fomu sikusomewa kabla ya kutia kidole. Kwamba katika mashuka yaliyotajwa, moja niliunguza mimi, na ninakiri. Kwamba mengine si yangu. Kwamba ninaomba yaletwe yatazamwe. Kwamba ninaomba majibu haya yawekwe pamoja na fomu.

"Hili la kukiri moja tuliweke la nini?" nikamuuliza. "Hata hilo nitajibebesha?"

"Uliunguza?"

"Niliunguza."

"Basi. Ukikiri moja, watakusikiliza kwa kumi na tatu."

Sikumpenda saa ile. Nilitaka fisi wangu arudi. Lakini binti alinakili ile mistari sita kwa mwandiko mzuri, nikaipeleka.

Nilichokuwa sijakifikiria, maana akili yangu ilikuwa imejaa uchungu wangu mwenyewe, ni hili la mashuka kutazamwa. Bi Kiraka alianza kuyatenga kadiri yalivyoshuka kutoka wodini. Viraka vya mwaka ule vilitoka kwenye jora moja la kitambaa cheupe kinachoelekea bluu, kwa hiyo alivijua kwa mbali. Baada ya siku kumi alikuwa nayo yote kumi na manne, yamekunjwa kwenye kona ya meza yake. Ndipo mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza, "Mama Pacha, hivi umewaza? Akiyapeleka, si atajisema mwenyewe? Miaka yote hajapeleka jina hata moja."

Nilikimbia kwake. Nikamwambia basi, tuache, Mungu atanilipia.

"Mungu ana kazi nyingi," alisema. "Shika haya, mimi nashika haya."

Tuliitwa kwa Katibu wa hospitali siku ya Jumatano asubuhi. Bi Kiraka alikuja amevaa viatu vya ngozi ambavyo hatujawahi kuviona, vimebana, anatembea kama anakanyaga mayai. Madam alikuwa ameshakaa. Katibu alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyekuwa akitazama saa kila baada ya sentensi.

"Mama, unasema haya mashuka siyo wewe. Utathibitisha vipi? Shuka halisemi."

"Yanasema, Bwana Katibu," alisema Bi Kiraka, kabla sijafungua mdomo. Akayatandaza juu ya meza ya Katibu, juu ya makaratasi yake, shuka juu ya shuka, akionyesha kiraka kimoja kimoja. Kisha akaeleza. Hakuficha. Alisema sheria inataka apeleke majina, naye kwa miaka ishirini na miwili hakupeleka. Alisema aliyeunguza alishona mwenyewe, kwa mkono wake, mbele yake. "Na mkono wa mtu kwenye sindano, Bwana Katibu, ni sahihi yake. Tazama hivi kumi na vitatu. Mishono midogo, imelingana kama meno ya mtoto. Huu ni mkono mmoja. Sasa tazama hiki."

Akainua shuka langu. Hata mimi niliona aibu. Kiraka kilikuwa kimekaa upande, kimejikunja pembe moja, na mishono ilikuwa ikienda inakotaka.

"Hiki ndicho cha Mama Pacha."

Madam akacheka kidogo. "Mtu anaweza kushona vibaya siku moja na vizuri siku nyingine. Huo si ushahidi."

"Kweli," alisema Katibu.

"Basi apewe sindano," alisema Bi Kiraka. Akaitoa kwenye ukosi wa gauni lake, tayari ina uzi.

Nikapewa kipande cha kitambaa. Nikakaa kwenye kiti cha wageni cha Katibu, mbele ya watu watatu, nikashona. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote. Hili watu hawaniamini ninapolisimulia: sikushona vibaya makusudi. Kulikuwa na mkubwa wa hospitali nzima ananitazama, nilitaka anione mtu wa maana, nikashona kwa unyenyekevu na ulimi nje. Nilipomaliza, Katibu alikichukua kile kitambaa, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Huu upande wa juu ni upi?"

"Ndiyo huo, Bwana Katibu."

Akaacha kutazama saa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu mama," alisema, "hawezi kuwa ndiye aliyeshona vile kumi na vitatu."

"Hata akifundishwa na malaika," alisema Bi Kiraka. "Mimi nimejaribu miaka tisa."

Katibu alimgeukia Madam, akamsogezea shuka mojawapo. "Na mkono huu, wewe unaujua?"

Madam alikiangalia kile kiraka muda mrefu. Sisi wanawake watatu tulijua kwamba mezani kwa Madam ofisini kuna kitambaa cha kufunikia chupa ya chai, kimeshonwa pembeni kwa mishono ile ile kama meno ya mtoto, zawadi ya mpwa wake. Nilihisi neno linapanda kooni. Bi Kiraka alinikanyaga mguu na kile kiatu chake cha kubana, akakazia, na hakuondoa.

"Siujui," alisema Madam.

"Haya," alisema Katibu. Sidhani alimwamini, lakini hakuuliza zaidi, na sisi hatukuongeza.

Nilitaka ile fomu ichanwe mbele ya macho yangu. Haikuchanwa. Katibu alisema karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki, ndiyo kanuni. Alichofanya ni kuibana mistari yangu sita juu yake, ili kila atakayefungua aanze kusoma maneno yangu, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu kwamba madai ya mashuka hayakuthibitika na kwamba mfanyakazi hakusomewa. Lile "mvivu" na lile "mkaidi" yamo mpaka leo. Yako chini, lakini yamo, na mimi najua yamo. Jina langu liliongezwa kwenye orodha kwa kalamu, wiki iliyofuata. Kuanzia mwaka ule fomu zinasomwa kwa sauti, mtu mmoja mmoja, mikono imekauka. Zinachukua mchana mzima na watu wengine wananilaumu kwa kuchelewa nyumbani.

Madam hajaniomba radhi. Tunasalimiana. Sijamsamehe na sitasema uongo hapa kwamba nimemsamehe. Anayesamehe haraka labda hakuumia sana.

Bi Kiraka alipewa barua ya onyo kwa kuficha majina miaka ishirini na miwili. Mimi nilitaka aijibu. Nikamwambia binti zangu wapo, karatasi ipo, na safari hii tutaanza na mistari sita moja kwa moja. Alivaa miwani, akaisoma barua yote mbele yetu kwa sauti, akatia sahihi yake kubwa.

"Unatia sahihi?"

"Nimeisoma. Ni kweli tupu. Uongo ndio unaojibiwa."

Alistaafu miezi minne baadaye. Tulimsindikiza mpaka getini, wote tisa, mpwa wa Madam akiwa amembebea kopo la nyuzi na analia kuliko sisi. Nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe haikuisha. Siku moja yule karani aliniambia, bila nia mbaya, kwamba Bi Kiraka alikuwa ameshaahidiwa mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu, kuendelea kushona kwa nusu siku, na barua ile ya onyo ndiyo iliyoufuta. Na kwamba alikuwa ameonywa mapema: akikiri kuficha majina, mkataba hana. Alijua kabla hatujaingia kwa Katibu.

Nilikwenda kwake jioni ile ile, sijala. Anakaa chumba na sebule, nyumba ya mwisho kwenye uchochoro, kizingiti kirefu. Nikamkuta anamenya viazi.

"Ulijua habari ya mkataba?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kuingia, na mimi nilikuwa nimeshavaa vile viatu."

Nilisimama pale mlangoni sina neno. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna mlango. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba habari hii ni ya jinsi nilivyodhulumiwa, na nimeisimulia hivyo kwa watu wengi. Ni kweli nilidhulumiwa. Lakini mtu mmoja aliandika karatasi moja dhidi yangu akiwa amekaa, na mtu mwingine alitoa miaka miwili ya mkate wake akiwa amesimama, miguu inamuuma, na hakuniambia. Nikiweka ile dhuluma na hiki alichotoa mkononi, sioni kwa nini nisimulie ile dhuluma peke yake.

Nikamwambia asante. Lilitoka dogo, kama limekwama.

"Kaa umenye viazi," alisema. "Na umenye vizuri, usivishone."

Tangu hapo kila Jumamosi ninakwenda kwake. Ninamfulia, ninampigia pasi, mabinti wanakuja na vitabu vyao na kukaa kizingitini. Sasa mmoja anakaribia kumaliza ualimu, mwingine yumo kwenye uuguzi, na mshahara uliowafikisha huko ni ule wa ajira ya kudumu. Bi Kiraka hajawahi kunisifia pasi yangu. Anaikagua nguo, anaiweka kando, basi. Kwangu mimi hiyo ni sifa.

Juzi kulikuja mpangaji mpya chumba cha jirani, mwanamke mchangamfu, akanikuta uani ninaanika. Akamuuliza Bi Kiraka, "Mama, huyu anayekuhudumia hivi ni nani wako?"

Bi Kiraka hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Mdogo wangu," alisema. "Wa tumbo moja."

Yule jirani akanigeukia, akasema kweli, tumefanana pua. Nami nikamwitikia kwamba hata marehemu mama alikuwa akisema hivyo hivyo.